Mrushaji Hasemeshwi

Delbert Nowak, mfugaji wa nguruwe kutoka Iowa, alikuwa na mambo mawili tu ya kumnyima usingizi maishani: mvua na besiboli. Siku hiyo mbingu ilikuwa safi. Besiboli ndiyo iliyomtesa, maana jioni ile, hapa Milwaukee, mwanawe Joel angeanza mechi kama mrushaji, yule anayemtupia mpigaji mpira, kwa mara ya kwanza katika ligi kuu.

Kabla ya hapo kulikuwa na siku nzima ya kupoteza mjini. Walipokuwa wanakunywa kahawa hotelini, simu ya mkewe Arlene ikalia.

"Joel anataka tule naye mchana," Arlene alisema. "Ana nafasi mpaka saa nane."

"Mwambie hapana."

"Delbert, mtoto hujamwona tangu kipupwe."

"Mrushaji hasemeshwi siku ya kurusha. Unataka nimharibie?"

Sheria hiyo haijaandikwa popote, na labda ndiyo sababu watu wa besiboli wanaiheshimu kuliko zilizoandikwa. Mrushaji wa siku huachwa na mawazo yake. Hata wenzake humpita kana kwamba hayupo. Delbert mwenyewe alikuwa mdakaji, mwenye kuipokea mipira ya mrushaji, katika timu ya kijijini kwao, na ndiye aliyemlea Joel hivyo. Siku za mechi nyumba ilikuwa kimya kama ya matanga.

Basi wakaenda kutembea kando ya ziwa. Delbert alilitazama Ziwa Michigan, akasema maji yote yale yangefaa mahindi. Arlene alinunua aiskrimu, akakaa kwenye benchi, akawa anageuka geuka kama mtu anayesubiri mgeni. Mgeni akatokea kweli: kijana mrefu, mikono mifukoni.

"Joel," alisema Arlene, kwa mshangao usiomdanganya mtu yeyote.

Delbert akainuka, akahamia benchi la pili, akawapa mgongo.

"Baba," Joel aliita.

Mzee akakaza macho ziwani.

"Bado ana hasira," Joel alimwambia mama yake kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha. "Nilijua tu."

Hasira? Delbert aliduwaa. Kisha akakumbuka. Kipupwe kile, Joel alipotoka kupasuliwa bega, yeye alimwambia jikoni kwamba mchezo umekwisha, arudi kwenye nguruwe. Joel aliondoka kesho yake, na tangu hapo alikuwa akimpigia simu mama tu. Delbert alidhani jambo limepita. Kwao mtu akinyamaza, maana yake mambo yako sawa. Hakuna anayepiga simu kutangaza kwamba hana kinyongo.

Sasa akabaki njia panda. Akimsemesha, na mipira ya kijana ikapigwa vibaya na wapinzani jioni, atakufa na lawama hiyo. Asipomsemesha, mwanawe atasimama mbele ya uwanja mzima akiamini baba yake anangoja aanguke. Akarudi, akakaa ubavuni mwa Joel.

"Ile siku jikoni sikuwa na hasira," alisema. "Niliogopa. Niliona mkono utakufa, ubaki huna kitu."

Joel alimtazama. "Baba, umenisemesha."

"Nimekusemesha."

"Leo."

"Ukipigwa, sema ni mzee wako. Wataelewa."

Joel akacheka. Na Delbert, akishaanza, nani wa kumnyamazisha? Alimsimulia nguruwe jike aliyevunja uzio, na jirani aliyenunua trekta inayowaka ikisukumwa tu. Joel alimnyang'anya mama yake aiskrimu, akala akisikiliza, mpaka akachelewa, akaondoka mbio.

Jioni mpira wake wa kwanza ulipaa juu kabisa. Mdakaji alilazimika kuruka. Wa pili ukaenda kombo. Arlene akafumba macho. Majuto yakaanza kumbishia Delbert hodi.

"Huyu wamemwokota wapi?" mtu mmoja alinung'unika nyuma yao.

Delbert akageuka.

"Iowa," alisema. "Ni mwanangu. Leo tumeongea."

Akageukia uwanja, autazame mpira wa tatu.