Sekunde Arobaini za Mtunza Boila

Tepu rekoda zilizokuwa zikiuzwa zilikuwa tatu, zote zile za kizamani zenye magurudumu mawili ya mkanda juu, na Jumanne hiyo saa nne asubuhi fundi alikuwa amezipanga kwenye meza ya mbele ya duka lake, amezifuta vumbi na kuziwasha zipate joto. Wembe alivaa miwani, akavua saa ya mkononi asije akazikwaruza, akaanza na vichwa. Mtu anayejua kununua tepu rekoda iliyotumika huanza na vichwa, yaani vile vyuma vidogo vinavyousoma mkanda unapopita. Alipitisha ukucha juu yake taratibu, kwa kuwa chuma kikishalika ukucha hunasa. Wengi huanza na uzuri wa boksi, ndiyo maana wengi hujuta wakishafika nyumbani.

Mwanamke huyo hakuzaliwa na jina la Wembe. Alilipata redioni, alikofanya kazi miaka ishirini na minane ya kukata na kuunga mikanda, enzi ambazo maneno ya mtu yakizidi muda yalikatwa kwa wembe wa kunyolea, ncha mbili zikaunganishwa kwa kipande cha utepe wa gundi, na msikilizaji asijue lolote. Alikuwa na mkono mwepesi na kanuni moja aliyowafundisha wote waliokuja baada yake: usimkate mtu pumzi. Maneno kata utakavyo, lakini ile pumzi anayoivuta mtu kabla ya kusema iache palepale, la sivyo sikio litashtuka.

Pembeni yake alisimama wifi yake, mke wa kaka yake, amepakata kopo la biskuti. Ndani ya kopo mlikuwa na mkanda mmoja ambao Wembe aliuokoa siku redio ilipotupa makabati yake. Ulikuwa mkanda wa uchunguzi wa ajali ya kiwanda cha sabuni, miaka thelathini na moja iliyopita, boila lilipopasuka likaua watu watatu. Kaka ndiye aliyekuwa mtunza boila. Alisimama mbele ya tume akaeleza yote anayoyajua, redio ikayanasa na kuyatangaza jioni, na kwa kuwa mwandishi wa tume alikuwa kitandani na homa, tume iliomba mkanda wa redio ikaandikia ripoti yake. Ripoti ikasema mtunza boila hakutoa tahadhari yoyote. Tangu hapo kaka hakuajiriwa tena popote, na mjane wa mmoja kati ya wale watatu, kila akimwona, alivuka barabara kumkwepa.

Sasa kaka alikuwa na miaka sabini na minne, moyo umechoka, na alichokitaka kilikuwa kimoja tu, sentensi ile ifutwe yeye akiwa hai. Kamati ya Mapitio ilikuwa imetangaza kwamba itasikiliza malalamiko ya zamani hadi Ijumaa, mradi kila mlalamikaji aje na ushahidi wake pamoja na chombo cha kuusikilizia. Wifi aliliona tangazo gazetini, akalikata kwa mkasi, akampelekea Wembe.

"Hii ya rangi ya fedha ilikuwa ya hoteli," alisema fundi. "Inasema kilichomo. Haiongezi, haipunguzi."

Waliuweka mkanda. Sauti ya mwenyekiti wa tume ikamuuliza mtunza boila kama alimjulisha mtu yeyote kuhusu ubovu huo. Ikasikika pumzi ya kaka, ndefu, ya mtu mwenye mengi ya kusema. Kisha ikaingia sauti ya meneja wa kiwanda: "Kwanza kabisa napenda kuwashukuru waheshimiwa wote mliofika." Wembe alikuwa amepanga kuipeleka Kamati pumzi hiyo. Mwenye masikio angejua kwamba mtu havuti pumzi ya namna ile kisha akanyamaza. Vichwa vilikuwa vizima, na magurudumu yalizunguka bila kelele.

"Na hii ya mbao?" aliuliza wifi.

"Hiyo ilikaa miaka kumi na mitano kwenye dawati la malalamiko la kampuni moja ya maji. Imeshazoea. Kila kinachotoka humo kinatoka kwa upole."

Mkanda uleule ulipopita humo, mwenyekiti wa tume alimwomba radhi mtunza boila kwa kumsumbua, akamuuliza kama hatojali kujibu swali dogo tu. Pumzi ya kaka ikawa ya mtu anayetaka kusema ahsante. Meneja alishukuru waheshimiwa, halafu akalia kidogo.

"Huyu hakulia," alisema wifi. "Mimi nilikuwepo."

"Hakulia, mama, nakubali. Ila watu wa video za harusi wanaipenda sana."

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, nzito, na mishikio ya chuma kila upande. Kichwa chake kilikuwa kimelika nusu, ikinguruma hata kabla ya kucheza, na gurudumu la kushoto likiyumba kama mlevi aliyekataa kushikwa mkono. Fundi aliisogelea bila hamu.

"Hii inarudisha yaliyokatwa," alisema. "Sikufichi, imeshanunuliwa mara tatu na mara tatu imerudi hapa. Mwalimu wa kwaya alisema inamrudishia kila kosa la mazoezi. Mstaafu mmoja aliyetaka kusikiliza hotuba zake za zamani hakukaa nayo hata siku mbili. Ikifika kwenye kiungo inasita kidogo, inatafuta, halafu inaendelea. Ni ubovu wa kiwandani nadhani, nimeifungua sioni kitu."

"Viungo vinatoka bila mlio?" aliuliza Wembe.

"Havitoi mlio hata kidogo."

Mwenyekiti akauliza. Kaka akavuta pumzi. Mashine ikasita, gurudumu la kushoto likayumba mara mbili, na kaka, mwenye miaka arobaini na mitatu, akasema: "Nilimjulisha meneja. Nilimwandikia mara tatu, na barua ya tatu nilimkabidhi mkononi. Nilimwambia valvu ya usalama imeganda, haifunguki, tuzime boila kwa siku mbili. Akasema tumalize oda kwanza. Nikamwambia mzee, hili litaua watu. Akaniambia kama naogopa moto nikauze maua. Barua zangu ziko kwenye droo yake ya kushoto, mkitaka nendeni mkatazame sasa hivi, mimi nipo hapa nawasubiri." Akakohoa, akasema mengine kuhusu geji ya mvuke. Kisha meneja akawashukuru waheshimiwa.

Wembe aliitazama saa yake pale mezani. Zilikuwa sekunde arobaini. Miaka yote hiyo alizikumbuka kama kumi.

Wifi alikuwa ameketi juu ya katoni ya feni. "Ndiyo maneno yenyewe," alisema. "Aliyasema hivihivi, na maua yamo."

Mwanamke mmoja aliyekuja kufuata pasi yake alikuwa amesikiliza tangu mwanzo. "Huyo meneja alikuwa mtu mbaya," alisema, kisha akamuuliza fundi kama pasi imepona.

"Wakubwa wenu kule redioni walikuwa na roho ngumu," wifi akamwambia Wembe. "Kukata maneno kama hayo."

Wembe akajishughulisha na waya wa umeme. Hivyo ndivyo familia ilivyojua, kwamba wakubwa walikata, kwa sababu hivyo ndivyo alivyowaambia. Ukweli ni kwamba mkubwa wa habari aliingia siku hiyo na kikombe chake cha kahawa, akasema kipindi kimezidi sekunde arobaini, kipunguzwe popote, akatoka. Hakusema popote ni wapi. Shukrani za meneja zilikuwa sekunde arobaini na tatu, na Wembe alikuwa ameshaziwekea alama ya kalamu nyeupe. Halafu akainua macho akaona wenzake wawili wanamtazama. Wote walijua mtunza boila ni nani kwake. Asije akasemwa kwamba anawapendelea ndugu zake, akaifuta ile alama kwa kidole, akamkata kaka. Kwenye kikao cha Jumatatu alisifiwa kwa uadilifu, na sifa zile zilimkaa vizuri kwa muda wa wiki nzima.

Alijua kwamba mashine ya fedha ingetosha. Ingetoa pumzi, Kamati ingekuna kichwa, na yeye angelaumu wakubwa ambao wengi wao walishazikwa. Ya kijivu ingetoa maneno, na maneno yangemwita aliyeyakata. Alivaa saa yake.

"Nipe hii," alisema.

"Gurudumu la kushoto linayumba, mama."

"Nimeliona."

Kamati ya Mapitio ilikaa Alhamisi kwenye ghorofa ya pili, chumba chenye meza ndefu na viti ambavyo havikufanana. Wajumbe walikuwa watatu, na pembeni alikaa karani wa kuandika. Walimsikiliza kaka kwenye mashine ya kijivu mara mbili, ya pili kwa ombi la mjumbe mwanamke aliyetaka kulisikia tena lile la maua. Mwenyekiti alisema sauti ni safi, akauliza mashine imenunuliwa duka gani. Kisha akamwita mtaalamu wao, naye akaupima mkanda kwa rula, akautia kwenye mashine ya Kamati. Ikatoka pumzi, akatoka meneja.

"Tatizo ni hili," alisema mwenyekiti. "Maneno yapo kwenye mashine, kwenye mkanda hayapo. Kanuni zetu zinatambua mkanda."

"Kwamba aliyasema mnaamini?" aliuliza wifi.

"Mama, mimi binafsi naamini kila neno," alisema mjumbe mwanamke, na alimaanisha. "Kipande chenyewe kilichokatwa kikipatikana, tutakipokea hata kesho."

"Kilitupwa kapuni," alisema Wembe.

"Nani alikata?"

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

Wifi alikuwa ameshaanza kuitikia kwa kichwa, akilisubiri jibu analolijua.

"Niliambiwa nipunguze sekunde arobaini," alisema Wembe. "Za nani, nilichagua mwenyewe."

"Kwa nini ukachagua hizo?"

"Kwa sababu ni kaka yangu."

Karani aliandika yote hayo kwa mwandiko mzuri, akauliza jina lake kamili, akaliandika nalo. Katika yote yaliyosemwa asubuhi ile, hayo ndiyo yaliyoingia kwenye kumbukumbu. Ripoti ya zamani, alisema mwenyekiti, inabaki kama ilivyo. Akawashukuru kwa kufika.

Mashine ya kijivu ilikuwa na mishikio miwili kwa sababu mtu mmoja hawezi kuibeba. Wembe alishika wake, akangoja. Wifi alisimama akiitazama mashine kwa kitambo, kisha akainama akashika wa upande wa pili. Waliteremka ngazi bega kwa bega, polepole, kila mmoja akisikiliza hatua za mwenzake, maana mmoja akiachia mwingine anavunjika mguu. Wembe aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Angependa atukanwe, ingekuwa nafuu. Kwenye kona ya ngazi waliitua chini wapumzishe mikono.

"Miaka thelathini na moja," alisema wifi. "Na kila ukija kwangu nakupakulia wewe kwanza."

Wembe aliushika tena mshikio wake.

"Nyanyua," alisema wifi.

Kaka alikuwa ameketi kitandani, mito miwili mgongoni, shati limefungwa vifungo vyote kana kwamba Kamati ingemfuata hadi chumbani. Waliiweka mashine juu ya kabati la nguo, wakatoa picha za wajukuu kupata nafasi. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Maneno yake yalipokwisha na meneja akaanza kushukuru, aliinua mkono, Wembe akazima.

"Nilikuwa na sauti nzuri," alisema kaka. Kisha akauliza, "Wamefuta?"

"Hawajafuta," alisema wifi.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba maji bado hayajatoka. Wifi akaenda kuchemsha chai.

"Walikuuliza nani alikata?" kaka akamuuliza Wembe.

"Waliniuliza. Nikawaambia ni mimi."

"Mimi nilijua tangu jioni ileile. Si ulitufundisha mezani, mwaka ulioanza kazi? Usimkate mtu pumzi. Ulitusumbua sana na pumzi zako." Alicheka, akakohoa, akatulia. "Nikaisikia pumzi yangu redioni, nikasema huyu ni mdogo wangu. Wamemlazimisha akate, lakini amenibakizia changu. Amenipungia mkono. Watu walikuwa wanakusema vibaya hapa, mimi nawanyamazisha. Hiyo pumzi nimeishi nayo, mdogo wangu."

Wifi alikuwa amerudi, amesimama mlangoni na birika mkononi, akimtazama Wembe.

Wembe alijua kwamba hakumpungia mtu mkono. Ilikuwa kanuni ya kazi, basi. Angembakizia pumzi mtu yeyote, na meneja alimbakizia yake vilevile. Na hakuna aliyemlazimisha. Alivuta pumzi ndefu ili amwambie.

Kaka aliisikia. Akafumbua macho, akamgeukia, akasubiri.

"Chai yako nikutilie sukari?" aliuliza wifi.

"Kidogo," alisema Wembe.

Kaka akaegemea mito yake, akaomba mkanda urudishwe mwanzo, na lile gurudumu la kushoto likaanza kuyumba.