Uzi wa Chini

"Uzi ya juu, rangi ya maziwa. Uzi ya chini, ya maziwa vilevile." Jeanine aliweka vigurudumu viwili vya uzi juu ya meza ya cherehani. "Sitaki mushono ionekane. Blanketi ikuwe tu blanketi. Unasikia, Nsimire?"

Nsimire alisikia. Alichosikia zaidi ni lile jina. Tangu azae, hakuna mtu katika kilima chote cha Kadutu aliyemwita kwa jina alilopewa na baba yake. Alikuwa Mama Mapendo kwa wauza dagaa wa sambaza, Mama Mapendo kwa vijana wa pikipiki, Mama Mapendo kwa padri alipomgawia komunyo. Sasa mke wa kaka yake ameshuka asubuhi hii na viatu vyake vizuri katika matope, na anamwita Nsimire kana kwamba wamekutana jana.

"Juu ya nini unaniita hivyo, Maman Jeanine?"

"Niko nazoea. Na weye uzoee. Siku ya mahari, Mama Mapendo ni miye."

Mambo yalikuwa hivi. Watu wa kijana Dany walipotoka Walungu kuja kuposa, walipokewa na Isidore, kaka mkubwa wa Nsimire, kwa sababu ndiye mwenye nyumba ya matofali na viti vya kutosha. Baba yake Dany ni mzee wa parokia, mtu wa kuvaa tai hata siku za kazi. Alipouliza kwa heshima, "Huyu binti ni wako?" Isidore akajibu ndiyo. Angeweza kusema ni mtoto wa dada yangu, na baba yake alikwenda machimbo ya dhahabu huko Shabunda kabla hajatoa hata mbuzi, hatukumwona tena. Lakini Isidore alikuwa mtu wa funika kombe mwanaharamu apite. Alidhani anasema neno moja tu. Kumbe uongo ni kama nguruwe: ukishamleta nyumbani, kila siku anataka kula. Leo alitaka kula jina la Nsimire.

"Na blanketi, nani atakunja?" Nsimire aliuliza, ingawa alijua.

Kwa watu wa ukoo wa Dany, bibi harusi haendi bila blanketi lililoshonwa kwao. Linatandazwa mbele ya wote, halafu linakunjwa na wanawake wawili: shangazi wa bwana harusi anashika pembe mbili, mama wa bibi harusi anashika mbili, wanalivuta likanyooka, kisha wanatembea kila mmoja kumwelekea mwenzake mpaka mikono yao inakutana. Hapo ndipo husemwa kwamba koo mbili zimeonana. Ng'ombe ni ng'ombe tu, wanakuja na kukatiwa majani. Pembe za blanketi ndizo zinazomfanya mama kuwa mama.

"Nitakunja miye," Jeanine alisema. Hakuwa mwanamke mbaya, tuseme ukweli. Alikuwa mwanamke aliyeogopa aibu kuliko homa. "Weye utakuwa jikoni. Batu ni wengi, bugali haijipike. Na mutoto akishafika kwake salama, tutakuomba pardon, tutakunyweza pombe ya kasiksi. Ni siku moja tu."

"Siku moja," Nsimire alisema.

"Basi. Uzi ya maziwa."

Jeanine alipokwisha kupanda ngazi za mlimani, Nsimire alibaki akitazama vigurudumu viwili, na hasira ikampanda mpaka macho yakawa mazito. Angeweza kukataa kushona. Angeweza kusimama langoni siku ile akapiga kelele hadi Walungu nzima ijue. Lakini ndoa haikuwa yake kuivunja. Mapendo alimpenda Dany, na Dany aliujua ukweli wote tangu mwanzo, ila mbele ya baba yake ulimi wake ulikuwa unalala. Kwa hiyo Nsimire hakutaka kumharibia mtoto. Lakini kufutwa, hapana. Hilo alilikataa pale pale, akiwa amekaa, kabla ya kujua atalikataa kwa njia gani.

Njia aliipata alipogeuza kitambaa cha chini.

Blanketi la vipande ni tabaka tatu. Juu vipande, vya rangi zote, vimekwisha kuunganishwa. Katikati blanketi jepesi la zamani. Chini kitambaa kimoja kizima. Kisha unashona tena juu ya vyote ili vishikane, na kila tundu linalotobolewa na sindano linakutanisha nyuzi mbili: ule wa juu, unaoonekana, na ule wa chini, unaotoka tumboni mwa cherehani, kwenye kanete, kile kigurudumu kidogo cha chuma ambacho hakuna anayekikumbuka mpaka kiishe uzi. Kitambaa chake cha chini kilikuwa cheusi. Aliweka juu yake ncha ya uzi wa maziwa: ulionekana, lakini kama mshono wowote tu. Akauondoa. Akafikiri kidogo, akachukua mwamvuli wake.

Sokoni Kadutu, Colombe muuza nyuzi alimtolea kigurudumu chekundu, halafu akakishikilia.

"Nyekundu ni ya nini? Jeanine amepita hapa, amenunua maziwa."

"Maziwa juu. Nyekundu chini."

"Rangi mbili?" Colombe alicheka. "Mama Mapendo, mashini itakuumbua. Ukikaza uzi ya juu kidogo tu, ile nyekundu itapanda, itatoka huko juu kama kunguni kwenye shuka."

"Haitapanda."

"Na Jeanine akiona?"

"Jeanine anapenda vitu vya juu," Nsimire alisema, akafunga uzi katika ncha ya kitenge chake.

Jumapili baada ya misa, Mapendo alikuja. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, na hata nyumbani alitembea na chaki mfukoni. Mama yake alikuwa amelitandaza lile blanketi sakafuni, vipande juu. Kulikuwa na kipande cha sare yake ya shule, kipande cha gauni la komunyo ya kwanza, na kona ya kile kitenge cha kijani alichobebewa mgongoni.

"Uko na chaki?" Nsimire alipiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya vipande. "Unizungushie mukono. Halafu hapa. Halafu hapa. Mpaka iishe."

Mapendo alichora polepole. Alipofika kidole kidogo cha mkono wa kushoto alipunguza mwendo, kwa sababu kidole kile kilikuwa kimepinda kwa nje na hakikunyooka. Hadithi yake aliijua. Siku ya mvua, kwenye ngazi za udongo pale juu ya soko, mama yake aliteleza akiwa na mtoto mgongoni. Mtu akiteleza vile huanguka chali. Nsimire alijipindua hewani akaanguka mbele, mkono ukatangulia. Mtoto hata hakuamka.

"Mama, nikichora kidole vile iko, watakijua."

"Uzi ya juu ni ya maziwa. Juu ya hivi vipande vyote haitaonekana. Ni vile Jeanine ametaka."

Mapendo alitazama cherehani. Aliona kanete juu ya meza, ikiwa imejazwa, nyekundu. Aliigusa kwa kidole, na Nsimire akaogopa. Hapo ndipo aliogopa kweli, kuliko alivyomwogopa Jeanine au mzee wa tai.

"Ukisema niache, nitaacha," Nsimire alisema. "Nitafuta chaki, nitatoa hii, nitaweka ya maziwa. Bwana ni yako, si yangu."

Mapendo hakusema acha. Alipiga magoti tena, akasogea kwenye kona iliyobaki tupu. "Lete mukono," alisema.

Nsimire alishona siku zilizofuata, miguu kwenye kikanyagio, bila haraka. Kwanza alijaribu kwenye tambara. Nyekundu ikapanda, nukta nukta, kama Colombe alivyotabiri. Akalegeza uzi wa juu. Akaitoa kanete pamoja na nyumba yake, akakaza skurubu yake ndogo kwa ncha ya kisu, kidogo kiasi cha upana wa unywele, akaining'iniza kwa uzi wake na kuitikisa: ikashuka kidogo, ikasimama, ndipo akajua imekaza sawa. Sasa nyuzi zilikutana katikati, ndani ya unene, mahali ambapo hakuna jicho. Juu maziwa tu. Chini nyekundu tu. Akaanza kuufuata mkono wake kwa sindano, kidole kwa kidole.

Mkono wa mwisho ulimshinda kidogo. Kwenye pindo la sare ya shule, mishono ilikutana mingi mahali pamoja, kitambaa kikawa kinene, mashine ikavuta. Alipotazama juu, aliona nukta moja nyekundu kwenye kipande cheupe. Ndogo kama kichwa cha pini. Alichukua wembe ili akate na kurudia, maana kazi mbaya hakuizoea. Kisha akaurudisha wembe mezani.

"Baki hapo," aliiambia nukta.

Jeanine alipokuja kulichukua, lilikuwa limekunjwa, vipande nje. Alilifungua nusu kitandani, akapitisha mkono juu yake, akaguna kwa kuridhika. Alitafuta mshono hakuuona. Akasema kweli Nsimire akitaka anaweza kusikia la mtu, akalipakia kwenye pikipiki.

Siku ya mahari mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na uwanja wa Isidore ulinuka turubai mbichi. Nsimire alikuwa jikoni, nyuma, na mlango wa jikoni ulitazama moja kwa moja kwenye viti. Alikuwa na mwiko mkononi na unga hadi kwenye viwiko. Alimwona Mapendo akiletwa amefunikwa kitenge kichwani, kama inavyopasa. Alimwona Jeanine kwenye kiti cha mama, kilichofungwa utepe, amekaa ukingoni mwake kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na siku ile mzazi alikuwa anasonga bugali.

Hotuba zikapita. Blanketi likatandazwa juu ya mkeka, vipande juu, na watu wakasifu. Shangazi wa Dany, Maman Martine, mwanamke mzee mwembamba mwenye rozari shingoni, aliinama ashike pembe zake mbili. Hakushika. Alikuwa anatazama kitu karibu na kidole gumba chake.

Alikikwaruza kwa kucha. Hakikutoka.

"Ni damu?"

"Ni uchafu tu," Jeanine alisema haraka, akisimama. "Tukunje, Maman."

"Uchafu haina muzizi." Maman Martine alikwaruza tena. Kisha, kwa sababu wazee hawaachi kitu nusu, aliishika pembe na kuligeuza blanketi zima.

Kitambaa cheusi kilijaa mikono. Mikono myekundu, imefunguka, pembeni na katikati, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja una kidole kidogo kilichopinda kwa nje. Isidore alikohoa. Mzee wa tai akasogeza miwani.

"Ni dessin tu," Jeanine alisema. "Mapambo."

"Mapambo ya mukono ya nani?" Maman Martine aliuliza. Hakuwa na ukali. Alitazama mikono ya Jeanine, pete zake na vidole vyake vilivyonyooka, halafu akamtazama bibi harusi.

Bibi harusi akishafunikwa hasemi. Kila mtu pale aliijua desturi hiyo. Mapendo alikishika kitenge kilichomfunika akakishusha mabegani.

"Ni ya mama yangu," alisema. "Ule mwenye alinizaa. Eko jikoni."

"Mapendo," Isidore alisema kwa sauti ya chini.

"Tonton, mujomba wangu, nimechoka kukuita papa."

Dany alikuwa ameinamisha kichwa. Nsimire, mlangoni, alimwona akisugua magoti kwa viganja. Kisha Dany akainua kichwa kumwelekea baba yake. "Miye nilijua, papa," alisema, na safari hii ulimi wake haukulala.

Mzee akavua miwani. Watu wote walikuwa wanangoja mdomo wake. Nsimire hakungoja.

Aliuweka mwiko juu ya sufuria. Alijifuta unga kwenye kitenge, akapita kati ya viti bila kuomba njia, na njia ikapatikana. Hakumtazama kaka yake. Alipompita Jeanine, Jeanine alikuwa amesimama, kile kiti kikiwa tupu nyuma yake, na Nsimire hakukitaka. Alikwenda moja kwa moja hadi upande wa pili wa mkeka, akainama, akashika pembe mbili zilizokuwa hazina mtu.

Maman Martine alikitazama kidole kilichopinda cha Nsimire pale juu ya kitambaa cheusi. Akautazama mkono mwekundu uliokuwa kando yake. Alichukua muda wake. Mzee wa tai alisema kitu kwa Kimashi, lugha ya kwao, neno fupi, na dada yake hakugeuka.

"Mama Mapendo," alisema Maman Martine, "vuta kwako kidogo. Iko na mikunjo."

Nsimire alivuta. Blanketi likainuka kutoka mkekani, likanyooka kati yao, mikono yote ikitazama juu, unga mweupe ukidondoka kwenye pembe zake. Halafu akapiga hatua ya kwanza.