Mkono wa Tano

Mimi ni seremala wa milango na madirisha ya zamani, na mdomoni sina breki. Waliponiteua kukaa kiti cha mafundi kwenye Tume ya Majengo ya Kale ya jiji, wenzangu karakanani walicheka hadi wakashika mbavu. Wakasema sitamaliza vikao viwili sijafukuzwa. Wapi! Sikufukuzwa mimi, nilimfukuzisha mtu. Alikuwepo mjumbe mmoja, kontrakta. Kila shemeji yake akitaka kubomoa nyumba, yeye ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Siku moja nikachemka, nikapendekeza kanuni: mjumbe mwenye ndugu anayemiliki au anayeishi katika jengo linalojadiliwa atoke nje, asipige kura. Na kabla ya kura, kila mmoja asimame atamke mbele ya watu kwamba hana ndugu humo. Wakaipitisha kwa makofi. Kontrakta akajiuzulu kwa hasira, na mimi nikavimba kichwa mwezi mzima.

Kanuni hiyohiyo ndiyo iliyonikaba koo Alhamisi ile.

Jengo lenyewe ni nyumba ya ghorofa mbili kwenye mtaa wa wachapaji. Ina roshani ya mbao upande wa mbele na madirisha ishirini na nane, ambayo nimeyapima moja moja kwa mkono wangu. Familia kumi na moja zimepanga humo. Chumba cha juu, kinachotazamana na roshani, alikuwa anakaa shangazi yangu, mshona nguo, kwa miaka thelathini na mmoja. Mwenye nyumba alitaka kubomoa ajenge maegesho ya magari. Tume ikaweka zuio la siku tisini ili tukague na kupiga kura. Zuio likiisha bila kura, mwenye nyumba yuko huru kufanya apendavyo. Lilikuwa linaisha siku hiyo, saa kumi kamili alasiri, na tingatinga lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba tangu asubuhi, dereva wake kakaa ndani anachezea simu.

Kura haipigwi bila wajumbe watano. Kontrakta alipoondoka tulibaki sita, kwa hiyo mimi hesabu yangu ilikuwa rahisi: nitasema ukweli, nitatoka, watabaki watano, kazi itafanyika. Saa nane na nusu karani wa tume akasoma ujumbe. Mwalimu wa historia, mjumbe wetu wa sita, amelazwa hospitalini, haji.

Nikahesabu vichwa mezani. Tulikuwa watano, na mimi nikiwemo.

Wapangaji walikuwa wamejaa ukumbini, wengine wamesimama ukutani. Shangazi alikaa mstari wa pili, futi yake ya kushonea bado ikining'inia shingoni. Wakili wa mwenye nyumba akasimama kueleza habari za ufa wa ukutani, eti nyumba ni ya hatari. Ufa, ufa, ufa! Dakika arobaini mtu anaongelea ufa mmoja, na kila baada ya muda anatupia jicho saa ya ukutani.

Nikashindwa kuvumilia. "Wakili, huo ufa nimeupima mimi. Hata ukucha hauingii!"

Watu wakacheka. Mwenyekiti, msanifu mstaafu mwenye subira ya ajabu, akanikata jicho. "Fundi, tulia."

Saa tisa na dakika arobaini na saba ndipo wakili alipokaa. Mwenyekiti akasema, "Wajumbe, tutamke."

Akaanza yeye mwenyewe. Akafuata mpima ardhi, akafuata mfamasia, akafuata mama wa maktaba. Kila mmoja alisimama, akasema hana ndugu katika jengo lile, akakaa. Mimi ndiye niliyebaki.

Nilikuwa nimeshaamua kudanganya. Nasema wazi, sijifichi. Nilijiambia, kanuni ni yangu, basi leo nitaimeza. Ila nilipokuwa nasukuma kiti nisimame nikamwona wakili. Hakuwa ananitazama kama mtu anayehofia kura. Alikuwa anatabasamu, na chini ya kiganja chake kulikuwa na orodha ya wapangaji. Mimi na shangazi tunatumia jina moja la babu, na juu ya orodha ile palikuwa na mstari mwekundu kwenye chumba cha juu.

Mtu yule alikuwa anajua kila kitu, anangoja tu nidanganye. Nikidanganya, kesho asubuhi atakwenda mahakamani, kura itafutwa, na zuio litakuwa limeshakwisha. Nikisema kweli, nitatoka nje, watabaki wanne, na hakuna kura. Kote kote nyumba inakwenda na maji.

"Fundi," mwenyekiti akaniita. "Zamu yako. Muda hatuna."

Ilikuwa saa tisa na dakika hamsini na moja.

"Nina shangazi yangu mle," nikasema. "Yule pale."

Ukumbi ukalipuka. Baba mmoja wa chumba cha chini akapiga kelele, "Fundi, unatuua hivihivi!" Mama wa maktaba akajishika kichwa. Wakili akaanza kufunga mkoba wake, taratibu, hana haraka hata kidogo. Na mimi nilitamani ardhi ipasuke. Ujuaji wangu, kiherehere changu cha kuonekana mkali, vimezitupa familia kumi na moja na watoto wao barabarani!

Shangazi akainuka.

"Mwenyekiti, nina swali. Nikihama mle ndani, mwanangu huyu anaruhusiwa kupiga kura?"

Mwenyekiti akavua miwani. "Kama huishi mle, mama, kanuni haimzuii."

"Basi karani, nipe karatasi."

"Shangazi, acha!" nikasema.

"Nyamaza wewe. Mdomo wako umeshafanya kazi ya kutosha leo." Wala hakuwa na hasira. Aliandika amesimama, karatasi kaiegemeza ukutani, kwamba tangu saa ile amekirudisha chumba kwa mwenye nyumba na hana dai lolote juu yake. Akatia saini. Akatoa ufunguo mfukoni, akaenda nao hadi kwa wakili, akauweka juu ya orodha yake.

Wakili akaruka. "Hii ni michezo ya kuigiza! Kesho atarudi!"

"Nitarudije na ufunguo unao wewe?" Shangazi akamtazama. "Miaka sita mnanitaka nitoke chumba kile. Mmenikatia maji, mmening'olea mlango. Leo nimetoka, unakasirika nini?"

Wakili akageukia saa ya ukutani.

"Karani, andika," mwenyekiti akasema. "Chumba kimerudishwa na ufunguo umekabidhiwa mbele ya kikao. Fundi, tamka."

Saa tisa na dakika hamsini na sita. Nilitamka kwamba sina ndugu anayeishi katika jengo lile. Katika maisha yangu sijawahi kusema neno la kweli lililoniuma namna hiyo.

"Wanaotaka jengo lilindwe?"

Mikono minne ikapanda. Nilimtazama shangazi. Akanipandishia kidevu, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo, nikikataa dawa. Nikanyoosha wa tano.

Wapangaji walishangilia hadi madirisha yakatikisika. Waliokaa nyuma hawakuwa wamesikia vizuri yaliyopita mbele. Walijua tu kwamba nyumba imepona na shangazi ndiye aliyeiponya. Walimbeba juujuu hadi chini barabarani. Mama mmoja jirani yake akamshika mkono, machozi ya furaha yanamtoka, akamwambia, "Twende nyumbani, dada. Leo tutalala usingizi."

"Twendeni," shangazi akasema. "Mtanisaidia kufunga mizigo."