Kiazi cha Kumliza Mkamwana

Kule Qollpani, juu kabisa kwenye milima ya Ande, huolewi mpaka umenye kiazi. Tena si kiazi chochote. Ni kile kiitwacho Kilizamkamwana, na jina hilo hakikupewa bure: kina vinundu na mabonde kila upande, utadhani kilikuwa na ugomvi na udongo. Unatakiwa ukimenye mbele ya ukoo mzima, ganda jembamba la kupitisha mwanga. Ukikata nene, rudi kwenu, mbadhirifu wewe!

Nelida hakuogopa. Alikuwa amefanya mazoezi mpaka vidole vikaota sugu, maana alimpenda mchumba wake Wilber, jamani, alimpenda hasa.

Shida ilikuwa ghalani. Zamani baridi ya Qollpani haikuacha mdudu. Nondo wa viazi walikuwa balaa la watu wa bondeni tu. Siku hizi joto limepanda mlima, na nondo wamepanda nalo. Mama Fortunata, mama yake Wilber, alipofungua ghala asubuhi ya siku ya kumenya, mbegu yote ya Kilizamkamwana ilikuwa imetobolewa na funza wa nondo hao. Kilisalia kimoja tu kizima. Akatoka nacho kimya kimya, akakiweka mapajani mwa Nelida.

"Menya, mwanangu. Ndicho cha mwisho, lakini mila ni mila."

"Bibi harusi katoka bondeni, nondo katoka bondeni," Hermelinda, shangazi yake Wilber, akachokoza. "Sijui nani kamleta mwenzake!"

Ua mzima ukacheka. Nelida akakigeuzageuza kile kiazi. Akikimenya vizuri anaolewa, na mbegu ndiyo imekwisha duniani. Akazamisha kisu, na ganda la kwanza likaanguka, nene kama kidole.

"Yesu na Maria!" Hermelinda akapiga ukelele. "Huyu anamenya au anachinja?"

"Nelida, taratibu bwana!" Wilber akanong'ona, jasho likimtoka. "Utaniacha kapera!"

Nelida akaendelea kukata. Machozi yalimlengalenga, ila mkono haukusita. Alipomaliza, kiazi kilichobaki hakikuzidi yai la njiwa, na Hermelinda akakiinua juu watu wakione.

"Haya, mume atashiba hapa?"

Mama Fortunata hakucheka. Aliinama akaokota ganda moja, akaokota la pili. Kila ganda lilikuwa na jicho lake katikati, na nyama ya kutosha kulichipusha.

"Hukukata jicho hata moja," akasema polepole.

"Yakapandwe juu zaidi, mama, karibu na theluji, nondo wasikofika," Nelida akasema, akijifuta machozi. "Msiponitaka, basi. Lakini mbegu isife."

Hapo Mama Fortunata akaangua kilio, kilio cha furaha, akamkumbatia mpaka kofia zao zote mbili zikaanguka.

"Makubwa!" Hermelinda akasema. "Leo kimemliza mama mkwe!"

"Nyamaza, ukachome simbilisi wa karamu, tuna harusi hapa!" Mama Fortunata akamkemea. " Na wewe Wilber, umesimama unashangaa nini? Chukua jembe, mkeo anakungoja."