Karasha Chini ya Kitanda Changu

Mwaka ule dhahabu ilipowachanganya watu Nyamongo, nilikuwa nimepanga chumba kwa Odera. Nyumba yake ilikuwa ndefu, ya vyumba sita, na ukuta wa tofali moja kati ya mtu na mtu. Jirani akijikuna, unajua amejikuna wapi. Hayo niliyazoea.

Kilichonishinda ni Machage. Alihamia chumba cha pili na mwanamke, godoro na viroba vingi vya pumba. Nikajiuliza huyu anafuga nini. Kumbe alichimba shimo katikati ya chumba, akatumbukiza karasha, lile pipa la chuma linalozungushwa na mota huku gololi za ndani zikisaga mawe ya dhahabu. Akalizungushia viroba ili sauti isitoke, watu wasijue ana mawe. Kweli haikutoka. Ilishuka chini, ikapita chini ya ukuta, ikapanda kwenye miguu ya kitanda changu.

Ingekuwa kelele ya kawaida ningeziba masikio. Hii ilikuwa ngurumo ya chinichini, kama fahali aliyevimbiwa amelala chini ya sakafu. Ukisimama husikii kitu. Ukilala inakuingia tumboni, inazunguka na ugali mpaka unataka kutapika. Hata uji kikombeni ulikuwa unatetemeka. Wiki mbili sikupata usingizi. Nilikuwa nasinzia kanisani, mchungaji akadhani nimezama kwenye maombi.

Na uchafu wake! Beseni alilooshea mchanga kwa zebaki asubuhi ndilo alilonawia uso jioni. Maji yenyewe, ya kijivu kama makamasi ya ng'ombe mgonjwa, aliyamwaga pale pale tunapoanika dagaa.

Nikamwita Odera. Akaja mchana, akasimama mlangoni, akainamisha sikio.

"Mama Waisiko, mimi sisikii kitu."

"Utasikiaje umesimama? Lala."

"Nilale wapi?"

"Kitandani kwangu. Hicho ndicho kinachosema."

Akarudi nyuma hatua mbili. "Mama! Nina mke mimi. Watu watasema nini?"

"Watasema una bahati."

Hakucheka. "Nina wapangaji sita, watano hawalalamiki. Ukiniita tena kwa ngurumo nisiyoisikia, mwisho wa mwezi utafute chumba kingine."

Chumba kingine kipi? Mwaka ule watu walipanga mpaka mabanda ya kuku. Nikisema, natupwa nje. Nikinyamaza, nitakufa macho wazi.

Machage akapaza sauti kutoka ng'ambo ya ukuta: "Bibi, hiyo ngurumo ni moyo wako! Ikisimama ndiyo uanze kuogopa!" Akacheka, akakohoa, akatema. Nilisikia kohozi lilipotua.

Kesho yake nilimkuta mwanamke wake, Agustina, bombani, macho mekundu kuliko yangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na wewe hulali?"

"Nalala wapi, mama? Nikimwambia azime anasema atanirudisha kwetu Nyarero."

"Nyarero kwa nani?"

"Marehemu mama yangu alikuwa Gati, binti Mogesi."

Ndoo nusura inidondokee mguuni. Mzee Mogesi alikuwa baba yangu mdogo. Gati ni dada yangu kabisa, na binti ya Gati ni binti yangu. Hili sikulibuni, ingawa kwa hali niliyokuwa nayo ningelibuni.

Sasa, kwetu Wakurya, na Machage ni Mkurya, mkwe na mama mkwe wanaoneana haya. Hawatazamani usoni, hawali pamoja, na anapolala mama mkwe, mkwe hakanyagi karibu. Nikamwambia Agustina akae kimya mpaka Jumamosi, siku ambayo watu wote wako uani.

Jumamosi asubuhi Machage akatoka chooni na taulo kiunoni, mswaki mdomoni, tumbo mbele.

"Machage," nikaita, "unamjua mama yake Agustina?"

"Alikufa."

"Huyo alikuwa dada yangu. Niliyebaki ni mimi. Karibu, mkwe wangu."

Mswaki ukaanguka. Akamtazama Agustina.

"Ni kweli," Agustina akasema. "Ni mama."

Machage akapandisha taulo mpaka kifuani kama mwari, kisha akakumbuka miguu, akalishusha. Akanigeuzia mgongo. Akauambia ukuta: "Mama... ulikuwa unasikia ya chumbani?"

"Yote, mwanangu. Wiki mbili. Na wewe, ulikuwa unanisikia nikijamba?"

Wanawake wakaangua kicheko. Wanaume wa kwetu hawakucheka, waliinamisha vichwa kwa aibu. Mmoja akasema, "Machage, uhame leo hii."

Saa kumi jioni pipa, mota na godoro vilikuwa juu ya toyo, ile pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo. Machage alitembea kinyumenyume mpaka barabarani asije akaniona. Odera akaingia chumbani, akatoka amefunika pua. Shimo lilikuwa limejaa tope la kijivu, panya amevimba anaelea juu, na msingi wa ukuta uko wazi kama fizi.

"Mama, kwa nini hukunieleza vizuri?"

"Si nilikukaribisha ulale, ukamkumbuka mkeo?"

Siku ile nililala kama gogo.

Asubuhi Agustina akaja na sukari kilo mbili na khanga. "Mkweo ametuma. Anauliza umelalaje."

Nikachungulia. Alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mgongo kwangu, kofia mkononi, mpole kama mtoto wa ubatizo.

"Mmepanga wapi?"

"Kewanja, mama. Ameshachimba shimo."

"Na ng'ambo ya ukuta analala nani?"

Agustina akatazama chini. "Mwalimu mmoja na mama yake mzee. Siyo Wakurya, mama. Hawana undugu na sisi."

Nilitaka nivuke barabara nimwambie yule aliyenipa mgongo jambo moja la kumkaa mpaka kaburini. Lakini mimi ni mama mkwe sasa, na mama mkwe hamfokei mkwe, hata hamkaribii.

"Mwambie nimelala vizuri," nikasema.

Sukari nikaipokea. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikatema mate mpaka mdomo ukakauka.