Mafaili Yasiyofungwa

Dina hakukalika. Tangu asubuhi alikuwa akiinuka na kukaa, akiichungulia kompyuta kuu kama mtu aliyeinjika maziwa. Soko huria lilikuwa limeileta wilayani Ikungi kampuni binafsi ya mbegu za alizeti, na usajili wote wa wakulima ulipita kwenye mashine hiyo. Jana na juzi ilikwama saa nne, ikidai mafaili yaliyo wazi yamezidi kikomo, watu wakarudi makwao bila kusajiliwa.

Meneja wake, Nathanaeli, hakuuma maneno. "Ikikwama na leo, naleta mtu wa Dodoma. Wewe urudi kwenu Kinyangiri ukachunge mbuzi."

Kazi yenyewe ya ufundi wa kompyuta Dina aliihangaikia miaka miwili.

Kabla ofisi haijafunguliwa alikuwa amepandisha kikomo kutoka 1,024 hadi 2,048, akaizima hifadhidata na kuiwasha upya ili ikubali. Zaidi ya hapo mashine ile kuukuu isingebeba. Saa nne ikapita salama. Saa tano idadi ya mafaili yaliyo wazi ikafika 1,900.

Haiwezekani! Kila mkulima ana mafaili ishirini tu, na hufungwa akishamaliza. Au hayafungwi?

Alikimbia hadi dirishani kwa Loyce, karani wa usajili. "Umefunga ya watu wangapi?"

"Sijafunga, dada. Si wenyewe hao bado wapo?" Loyce akaonyesha kwa kidevu mabenchi yaliyojaa uani. "Nimfungie mtu mzima shughuli yake huku ananitazama? Si kumfukuza huko?"

Dina alitamani kupiga kelele. Badala yake alikwenda benchi la mbele, kwa Mzee Mughwai wa Ihanja, akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Mmeshasajiliwa, babu. Mnangoja nini?"

Mzee alimtazama kwa huruma, kama mtoto asiyefunzwa kwao. "Tunangoja kuagwa. Yule binti ametupokea vizuri, tuondoke kimyakimya kama wezi? Na shamba linanisubiri."

Dina alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Akamwita Loyce. Wakapita benchi kwa benchi wakiwashika watu mikono na kuwatakia safari njema, Loyce akirudi kufunga mafaili kila benchi lilipoondoka.

Saa saba Nathanaeli alifika, akakuta uwanja mtupu. "Imekwama! Watu wako wapi?"

"Wameondoka, bosi. Wote wamesajiliwa."

Hakuamini. Akaenda kutazama mwenyewe: mafaili kumi na mawili tu, ya mashine yenyewe, yalikuwa wazi. Alisimama pale akijikuna shingo, kisha akamwambia Dina kwamba kesho, kabla ya saa mbili, amtafutie Loyce mtu wa kuaga wageni.