Bibi wa Kipro

Kipro mimi nilikijua kanisani tu, kwenye Matendo ya Mitume: kisiwa alikotoka Barnaba. Basi. Lakini mwaka ule wa 2017 kiliingia nyumbani kwangu Mayfair, huku kusini mwa Afrika, kikakaa mezani kama mgeni asiyejua kuaga.

Mume wangu, Évariste, alikuwa mlinzi wa geti huko Midrand. Nyumba ya kwanza ukishapita geti ilikuwa ya mjane wa Kigiriki, Bibi Androula, aliyekimbia Kipro mwaka 1974, jeshi la Uturuki lilipotua. Kila siku alimletea mume wangu kahawa, na kila jioni mume wangu aliniletea mimi Kipro. Askari wa Uturuki bado wako kaskazini. Nchi tatu, Uingereza, Ugiriki na Uturuki, ziliweka dhamana ya kukilinda kisiwa. Sasa watu wako Uswisi wanabishana askari waondoke au wabaki.

"Papa Gaël," nikamwambia, kwa jina la mtoto wetu, "wewe mtu wa Kivu, askari wa Kipro wanakuhusu nini?"

"Yule mama anajua kusikiliza," akajibu.

Miaka tisa ya ndoa, nami kila nikimwuliza habari za kwao hunijibu, "Ni mambo ya zamani." Sasa mgeni ndiye anajua kusikiliza! Wivu uliniwasha mwili mzima, sifichi. Mazungumzo ya Uswisi yalipovunjika mwezi wa saba nilifurahi, nikidhani na ya mume wangu na yule bibi yataisha.

Wiki ileile nilikuwa nashona mfuko wa koti lake la kazi. Mimi ni fundi cherehani, mifuko yake yote inapita mikononi mwangu. Ndani nikakuta kikaratasi, mwandiko wa kike: Agnès, Jumamosi saa tatu. Kumbe si bibi kizee peke yake! Na Jumamosi hiyo alisema ana zamu. Nikavaa kitenge changu cha harusi, nikapanda teksi.

Getini mwenzake akanionyesha kwa kidole nyumba ya mjane. Nikaingia jikoni bila hodi. Évariste, na yunifomu yake, alikuwa akinyunyizia sukari sinia la ngano iliyochemshwa. Bibi Androula, aliyevaa nguo nyeusi tupu, alikuwa akiandika majina kwenye karatasi.

"Agnès yuko wapi?" nikafoka.

Wakatazamana. Mume wangu akaweka kijiko chini.

"Ni petite sœur yangu, mdogo wangu wa kike," akasema. "Alishakufa."

Mimi aliniambia kwao walizaliwa wavulana watupu.

Bibi akanieleza kwa Kiingereza, polepole. Kwao marehemu hupelekewa ngano kanisani na padri husoma majina yao. Yeye hupeleka jina la kaka yake, aliyepotea katika vita ile ya 1974. Mwaka wa tatu sasa anaandika na la Agnès chini yake. Kikaratasi alimpa Évariste asisahau saa ya ibada.

Miaka mitatu! Agnès ni wifi yangu. Wifi akifa, mimi ndiye wa kukaa chini, kufunga kitambaa, kupika matanga, kulia mpaka majirani waje. Na huyu bibi, ambaye ugali wenyewe haujui, amemlilia wifi yangu kabla yangu. Afadhali ningewafumania kitandani.

"Niambie," nikamwambia mume wangu. "Sasa hivi. Kwa Kiswahili."

Akajaribu. "Kulikuwa na kambi ya askari wa kigeni pale kwetu. Walituambia, laleni, sisi tuko..." Akakwama. Habari ile hakuwahi kuisema kwa Kiswahili. Akaanza upya kwa Kiingereza: asubuhi moja askari walipanda malori wakaondoka, na mchana wake watu wenye bunduki wakaja. Akamtazama Bibi Androula.

"Agnès alikuwa kisimani," bibi akamkumbusha taratibu.

"Ndiyo," mume wangu akasema. "Alikuwa kisimani."